Kununua Zana kwa Simu: Ni Nani Anayetujibu?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Sirari)



Wazee wetu walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake twaijua sote: mvivu hutafuta kisingizio, na mtu mwenye nia ya kulima hulishika jembe lolote akaingia shambani. Sikuja hapa kuipinga methali hiyo. Nimekuja kusema kwamba ilitungwa wakati ambapo jembe lilikuwa ni jembe. Dukani palikuwa na aina moja au mbili. Mwenye duka alizijua. Mnunuzi mwenyewe alilichukua jembe mkononi, akaligonga kwa jiwe na kusikiliza mlio wake, akatazama tundu la mpini, akapima uzito, ndipo akatoa fedha. Hata baadaye, majembe na plau za kiwanda cha Ubungo, Dar es Salaam, zilipoenea nchini katika miaka ya 1970, mkono wa mkulima ndio uliokuwa mkaguzi wa mwisho.

Leo mambo yamegeuka. Zana tunazozihitaji ni nyingi, na nyingine zina injini: mabomba ya kunyunyizia dawa, pampu za maji, mashine za kumenya kahawa, misumeno ya mnyororo, jenereta, mashine za kuchomelea. Tena wengi wetu hatuendi dukani. Tunaona picha katika simu, tunaandika swali, tunapata jibu, tunatuma fedha, na kifurushi kinakuja kwa basi. Mkono haujagusa kitu. Sikio halijasikia mlio. Kilichobaki kutuongoza ni lile jibu tu. Kwa hiyo nimeombwa niseme juu ya jibu hilo: ni nani analiandika, anajua nini, na sisi tulioaminiwa fedha za wanachama tufanye nini mbele yake.

JAMBO LILILOTUKUTA

Nitaanza kwa kukiri kosa ambalo mimi mwenyewe nilihusika nalo. Sitamtaja muuzaji, kwa kuwa sikuja kushitaki mtu, na kwa kuwa sehemu ya kosa ilikuwa yetu.

Kamati ya chama chetu iliamua kununua mabomba mawili ya kunyunyizia yenye injini, yale ya kubeba mgongoni. Kahawa yetu ilikuwa ikisumbuliwa na kutu ya majani na chulebuni, na mabomba ya mkono hayakutosha kuzunguka mashamba ya wanachama kwa wakati. Fedha ilitokana na makato waliyoyakubali wanachama wenyewe katika mkutano mkuu. Nikapewa kazi ya kutafuta. Nikayaona mabomba mtandaoni, bei ikiwa chini ya ile tuliyoisikia madukani. Nikaandika kuuliza.

Niliuliza: mashine hii inatumia mafuta gani? Kabla sijaweka simu chini jibu lilikuwa limefika: "Habari mpendwa mteja, inatumia petroli." Nikauliza tena, maana kitu kilinigusa moyoni: petroli tupu, au ya kuchanganya na oili? Nikajibiwa: "Petroli tu, mpendwa." Nikaridhika. Nikaiandikia kamati kwamba nimehakikisha.

Mashine zikafika. Kitabu chake cha maelezo kilikuwa katika lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuisoma. Tukaweka petroli katika moja, tukaiwasha, ikanguruma vizuri, watu wakapiga makofi. Haikumaliza saa moja. Sauti ilibadilika, ikawa kali, kisha ikanyamaza. Tulipovuta kamba haikuzunguka tena. Ilikuwa, kama wasemavyo mafundi, imenoki.

Ndipo tulipomwita fundi, kijana anayetengeneza pikipiki hapa Sirari. Aliigeuza mashine ya pili mara moja tu, akauliza: "Oili mnaweka wapi?" Tukatazamana. Hapakuwa na kifuniko cha oili, wala kijiti cha kupimia. Akatueleza kwamba injini ya namna hiyo haina chumba chake cha oili; hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli, kama zile pikipiki za zamani zilizokuwa zikitoa moshi wa buluu. Ukiipa petroli tupu, chuma kinasuguana na chuma mpaka kinashikana. Jambo hilo fundi alilitambua kwa kutazama tu.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu lilikuja haraka kama kawaida: "Pole sana mpendwa mteja. Je, ulichanganya oili?"

Ndugu Wanachama, nilikasirika siku ile, lakini tangu hapo nimelitafakari swali hilo mara nyingi. Aliyeniuliza hakuwa anadhihaki. Hakukumbuka, au pengine hakuwa yule yule aliyenijibu mwanzo. Kwa kuwa nilikuwa nimeyahifadhi maandishi yote, baada ya mabishano ya majuma kadhaa muuzaji alikubali kutoa pistoni na silinda mpya. Injini ikapona. Lakini msimu wa kunyunyizia ulikuwa umekwisha kupita, na kahawa haimngojei mtu mwenye kesi. Nililazimika kusimama mbele ya mkutano wa wanachama na kueleza kwa nini makato yao yalilala ghalani wakati matunda yao yanaoza mtini. Nililosema ni kweli: nilimwuliza mtu asiyejua, nikaliamini jibu lake kwa sababu lilikuja upesi na kwa heshima.

WALIO UPANDE WA PILI

Ni nani basi anayetujibu? Yafaa tuwaelewe kabla ya kuwalaumu.

Mara nyingi ni kijana aliyeajiriwa kujibu wateja. Amewekwa mbele ya simu au kompyuta, na anazungumza na watu kadhaa kwa wakati mmoja: mmoja anauliza viatu, mwingine sufuria, wa tatu pampu. Zana unayoiuliza haiko mbele yake. Ipo ghalani, pengine katika mji mwingine, pengine bado iko ng'ambo. Anachokiona ni picha ile ile unayoiona wewe na maelezo yale yale machache. Anapimwa kwa wepesi wa kujibu na kwa mauzo, wala hapimwi kwa ukweli wa jibu. Akisema "sijui, ngoja nimwulize fundi," mteja anahamia kwa mwingine. Akisema "ndiyo," mauzo yamefanyika. Tusishangae basi kwamba "ndiyo" zimekuwa nyingi.

Siku hizi, mara nyingine anayejibu si mtu kabisa. Ni programu ya kompyuta iliyofunzwa kupanga maneno, ambayo huandika Kiswahili kizuri, husalimia, hupoza, hushukuru. Imesoma mengi kuliko sisi sote tulio hapa. Lakini haijapata kushika spana, na ubaya wake mkubwa ni kwamba huandika jambo la kweli na jambo lisilo la kweli kwa sauti moja, bila kusita. Fundi wa kweli husita. Husema, "Hebu nitazame kwanza." Kusita kwake ndiko kunakoonyesha ujuzi.

Jambo hili limekwisha kufika hata mbele ya vyombo vya haki huko nje. Mwezi Februari 2024, baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada, liliamua shauri la abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi juu ya nauli na programu ya kujibu wateja ya shirika la ndege la Air Canada. Shirika lilijitetea kwa hoja kwamba programu ile inawajibika kwa maneno yake yenyewe. Baraza halikukubali. Lilisema shirika linawajibika kwa kila lililoandikwa katika ukurasa wake, liwe limeandikwa na mtu au na mashine, na likaamuru abiria afidiwe. Uamuzi wa Kanada si sheria ya Tanzania, lakini busara yake twaielewa: ukimweka mtu au kitu mlangoni pako kijibu kwa niaba yako, neno lake ni neno lako.

Nami nataka tuwe waadilifu. Biashara ya mtandaoni ina faida. Imetuonyesha bei ambazo zamani alizijua mfanyabiashara peke yake, na imetuletea vipuri ambavyo duka la karibu halikuwa navyo. Wala si kila mwenye duka la barabarani anaijua bidhaa yake. Tofauti ni kwamba dukani ukosefu wa ujuzi wa muuzaji unafidiwa na macho na mikono ya mnunuzi. Katika simu hakuna kinachoufidia.

MIFANO YA MAJIBU YA KUTUPOTEZA

Nitatoa mifano mitatu kutoka katika kazi zetu wenyewe, ili katibu aone jinsi jibu linavyoweza kuwa fupi, la heshima, na la hasara.

Wa kwanza ni pampu ya maji. Tangazo husema: lita 600 kwa dakika, kimo cha mita 30. Katibu huuliza: je, itanipandishia lita 600 hadi mita 30? Hujibiwa: ndiyo. Jibu hilo si kweli kwa pampu ndogo yoyote ya namna hiyo. Lita 600 ni kiasi kinachotoka pampu isipopandisha maji hata kidogo. Mita 30 ni kimo ambacho maji yakikifikia hayatoki tena hata tone. Vipimo hivyo viwili havikutani. Kupandisha lita 600 kwa dakika hadi mita 30 kunahitaji karibu nguvu za farasi 4 zinazoingia katika maji yenyewe, na pampu ndogo hupoteza kiasi cha nusu ya nguvu ya injini yake. Kwa hiyo ingetakiwa injini ya farasi kama 8, hali injini ya pampu hizo mara nyingi ni ya farasi 5 na nusu au chini ya hapo.

Juu ya hilo kuna habari ya kuvuta. Pampu iliyowekwa juu ya ardhi haivuti maji kwa nguvu zake peke yake. Uzito wa hewa ndio unaoyasukuma maji yapande katika bomba. Ziwa Victoria lenyewe liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi hapa Sirari tuko juu zaidi ya ziwa. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Tanga au Mtwara. Hata pampu kamilifu isingeweza kuvuta maji kutoka kina cha mita 9 hapa kwetu. Kwa kazi ya kawaida tusihesabu zaidi ya mita 6. Kisima cha mita 15 kinahitaji pampu ya kuzamishwa. Injini nazo hupungukiwa nguvu kwa sababu hiyo hiyo, kiasi cha sehemu moja katika kumi kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Anayejibu kutoka mji wa pwani, hata akiwa mkweli, pengine hajawahi kuulizwa mteja anakaa mlimani au bondeni.

Wa pili ni mashine ya kumenya kahawa mbivu. Katibu huuliza: inafaa kahawa? Hujibiwa: inafaa kahawa zote. Kahawa ipi? Ya Tarime ni arabika. Wenzetu wa Kagera wana robusta kwa wingi, na tunda la robusta kwa kawaida ni dogo. Nafasi kati ya ngoma na bamba la kumenyea hulingana na ukubwa wa tunda. Nafasi ikiwa finyu, buni hukatwa na kuchubuka. Ikiwa pana, matunda hupita hayajamenywa. Buni iliyokatwa haiponi tena kwa kuoshwa wala kuanikwa. Hushuka daraja, na bei hushuka nayo. Swali la haki kwa muuzaji ni hili: nafasi hiyo inarekebishwa, na kwa kifaa gani?

Wa tatu ni mdogo, lakini hugusa kila mwanachama: mkasi wa kupogolea. Iko ya namna mbili. Moja ina makali yanayopishana, nyingine ina kisu kimoja kinachogonga juu ya bamba. Ya kwanza hukata tawi bichi kwa usafi. Ya pili huliponda, na ni afadhali kwa matawi makavu. Jeraha lililopondwa katika mti wa kahawa hupona kwa shida na ni mlango wa magonjwa. Picha za mikasi hiyo miwili hufanana sana. Nimeona mtu akiuliza tofauti yake, akajibiwa kwamba tofauti ni rangi ya mpini.

NAMNA YA KUULIZA

Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza vibaya ni gharama. Sisi makatibu tuna desturi ya kuandika: "Mna pampu? Bei gani?" Swali la namna hiyo humwalika mtu yeyote ajibu. Napendekeza taratibu tano.

Kwanza, eleza kazi, usitaje kifaa tu. Andika hivi, kwa mfano: "Chama chetu kinataka kupandisha maji kutoka mtoni hadi tangi la kuoshea kahawa. Pampu itakaa mita 3 juu ya maji. Kutoka pampu hadi mdomo wa tangi ni mita 18 kwenda juu, na bomba lina urefu wa mita 120. Tunahitaji lita 3,000 kwa saa. Ni pampu ipi katika mlizo nazo itafanya kazi hiyo, na kwa kimo hicho itatoa lita ngapi?" Asiyejua atatambulikana katika jibu lake la kwanza. Anayejua atafurahi, maana amempata mteja anayemrahisishia kazi.

Pili, uliza swali moja ambalo jibu lake la kweli ni "hapana," nawe ukilijua. Mwulize mwenye pampu ya kuweka juu ya ardhi kama yaweza kuvuta maji kutoka kisima cha mita 15. Akijibu "ndiyo mpendwa," mshukuru, uende zako. Huo si ujanja mbaya. Ni sawa na kuligonga jembe kwa jiwe.

Tatu, omba picha ya kibao cha chuma kilichobandikwa katika mashine yenyewe, mahali palipoandikwa aina, nguvu, volti na nchi ilikotengenezwa. Usikubali picha ya tangazo. Kwa kuomba hivyo unamlazimisha anayejibu ainuke, aende ghalani, akaitazame mashine. Wengi hawajawahi kuitazama. Kwa mashine za umeme, hakikisha kama ni za njia moja au njia tatu, maana mota ya njia tatu haina kazi katika jengo lenye njia moja.

Nne, uliza vipuri kabla ya bei. Mpira wa pampu, pua ya bomba la dawa, plagi, kamba ya kuwashia: vinapatikana wapi, na kwa bei gani? Bomba la kunyunyizia huishi miaka mingi, lakini mpira wake haudumu. Zana isiyo na vipuri ni deni, hata kama imeuzwa rahisi.

Tano, mwonyeshe fundi majibu hayo kabla fedha haijatoka. Kila chama kina mwanachama au jirani aliyeshika spana. Mimi nilimwita fundi baada ya injini kufa. Ningemwita kabla, kwa gharama ya soda moja, nisingekuwa na hotuba ya kutoa leo.

SHERIA INATULINDA KWA KIASI GANI

Ndugu Makatibu, sheria zipo, lakini humlinda aliyeandika vizuri.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ina kanuni ambayo kila katibu anapaswa kuijua. Mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, ikaonekana kwamba anautegemea ujuzi wa muuzaji huyo, na bidhaa ni ya aina anayoiuza katika biashara yake, basi sheria huhesabu kwamba muuzaji ameahidi bidhaa itaifaa kazi hiyo. Lakini sheria hiyo hiyo ina pindo: ukiagiza kitu mahususi kwa jina lake la biashara, ukasema "nataka pampu ya jina fulani, namba fulani," ahadi hiyo ya kufaa haihesabiwi. Ndiyo sababu nimesema tueleze kazi. Si kwa ajili ya kupata jibu zuri tu, bali pia kwa ajili ya kuwa na haki jibu likiwa baya.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imekubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi. Yale mazungumzo yaliyomo katika simu yako basi ni hati. Lakini hati hiyo imo katika simu ya mtu mmoja, ambayo huanguka mtoni, huibwa, huuzwa. Wazee wa ushirika walitufundisha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila mazungumzo ya ununuzi yachapwe au yanakiliwe, yatiwe katika jalada la chama pamoja na stakabadhi na muhtasari wa kamati, siku ile ile.

Aidha, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha wanunuzi, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, husimamia ubora wa bidhaa, na kituo cha zana za kilimo cha CAMARTEC, Arusha, kimekuwapo tangu mwaka 1981 kwa ajili ya kazi kama hizi za zana za mkulima. Hivyo ni vyombo vyetu. Tuvitumie.

SISI TULIO MPAKANI

Sirari ina jambo lake. Ukivuka hatua chache uko Isebania, Kenya, na matangazo ya wauzaji wa Nairobi na Kisumu hutufikia kama yale ya Mwanza na Dar es Salaam. Duka kubwa la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019, lakini liliendelea nchini Kenya, na baadhi ya watu wetu wamekuwa wakiagiza bidhaa za upande ule kupitia kwa ndugu waliopo ng'ambo ya mpaka.

Katika hili nawakumbusha mambo mawili. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye cheti cha asili kinachotolewa mpakani kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizotoka ndani ya nchi za Jumuiya. Pampu iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imelala ghalani Nairobi. Anayejibu wateja huko akikuambia "hakuna ushuru, mpendwa," usimsadiki. Waulize maofisa wa forodha wenyewe. Pili, ukiinunua bidhaa kwa jina la ndugu yako, mnunuzi kisheria ni yeye, wala si chama. Bidhaa ikiharibika, chama hakina wa kumdai.

PENDEKEZO

Nimalize kwa pendekezo, ambalo naliomba lijadiliwe katika kila chama na kuletwa katika mkutano wa Chama Kikuu.

Kila chama kimoja kimoja kinaponunua pampu yake, bomba lake na mashine yake, kila katibu hukutana peke yake na yule kijana mwenye kujibu upesi, na kila chama hujifunza kwa hasara yake. Napendekeza tuwe na orodha moja ya mahitaji ya zana kwa msimu, itakayokusanywa mapema, kabla watu hawajashikwa na haraka. Napendekeza tuchague mafundi wawili au watatu tunaowaamini, tuwalipe posho halali, wasome majibu ya wauzaji na kuikagua zana moja kabla ya kuagiza nyingi. Napendekeza tuwe na daftari moja la zana: imenunuliwa wapi, muuzaji alijibu nini, imefanya kazi miezi mingapi, kipuri kilipatikana wapi. Baada ya misimu michache daftari hilo litakuwa na ujuzi kuliko muuzaji yeyote wa mtandaoni, kwa sababu litakuwa limeandikwa na mikono iliyoshika zana.

Jambo hilo si geni katika ushirika. Wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwezi Desemba 1844, walianza na unga, siagi, sukari na mishumaa tu, katika zama ambazo wenye maduka walichanganya unga na chaki na kupunja mizani. Walichowauzia wanachama wao zaidi ya bidhaa ni uhakika. Na misingi ya ushirika iliyokubaliwa na vyama vya dunia mwaka 1995 inaitaja elimu, mafunzo na habari kuwa msingi wa tano. Habari ya kwamba injini hii haina chumba cha oili ni elimu ya ushirika. Ingetufikia mapema, ingeokoa kahawa ya watu.

Ile injini tuliyoitengeneza bado inafanya kazi. Imebandikwa kipande cha bati, na juu yake kijana wetu fundi ameandika kwa rangi nyekundu kipimo cha oili na petroli, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Kila anayeibeba mgongoni hulisoma bati hilo kabla ya kuvuta kamba. Muuzaji angeweza kutuandikia mstari huo mmoja bila gharama yoyote, kama angeujua.

 Nipo tayari kwa maswali, na swali nisilolijua nitasema silijui, nimwulize fundi.